Pawa Saplai ya Elfu Sabini

"Mimi pesa yangu siitumbukizi kwenye kapu la watu," alisema Shangazi, na mkoba akaubana kwapani, utadhani sebuleni kulikuwa na vibaka na si ndugu zake wa damu. "Laki mbili natoa. Nimesema natoa. Lakini nanunua kitu ninachokiona. Siku nikija hapa nikauliza laki mbili zangu ziko wapi, nionyeshwe, nizishike."

"Shangazi, kompyuta si kabati la vyombo," alijibu binti wa nyumba. Jina lake lilibaki kwenye cheti tu. Nyumbani na mtaani alikuwa Kidole, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye vitufe vya michezo. "Vitu vya maana viko ndani. Havionekani."

"Basi hivyo wanunue wajinga."

Wajinga waliokuwepo wakatazamana. Alikuwepo Baba, mlinzi mstaafu, mwenye kiinua mgongo kilichoanza kupungua kabla hajakizoea. Alikuwepo Mama, mfuaji wa mashuka ya hospitali, vidole vimechubuka kwa dawa ya madoa. Na alikuwepo Kaka, fundi mwashi, aliyeingia na viatu vyenye saruji na kulikanyaga zulia navyo makusudi, ili kila mtu ajue nani ametoka kazini na nani ametoka kuchezea kompyuta.

Kidole alikunjua karatasi yake. Miezi mitatu aliiandika na kuifuta, mpaka ikawa laini kama kitambaa cha kufutia miwani. Mchana alikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jioni alicheza kwenye chumba cha michezo, kile cha kulipia kwa saa, na huko ndiko timu moja ya mashindano ya michezo ya kompyuta ilikomwona. Timu yenyewe ililipa mshahara, si vocha wala fulana: mshahara, mara mbili na nusu ya ule wa dukani. Ilitaka mambo mawili tu. Awe na mashine yake mwenyewe nyumbani, na Jumamosi saa kumi jioni afanye jaribio kwenye mashine hiyo. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kiti kilikuwa kimoja, wengine wawili walikitaka, na wote wawili mashine wanazo.

"Jumla laki kumi na mbili," alisoma. "Zangu tano, za Baba tatu, Shangazi mbili, Kaka moja, Mama moja. Kadi ya picha, iliyotumika, laki nne. Hiyo ndiyo inayochora mchezo, hapo sibani. Prosesa, ubongo wenyewe, na madabodi ya kuikalisha, laki tatu na nusu. Ram, kumbukumbu yake, laki. Diski, elfu themanini. Pawa saplai, laki na nusu. Hiyo ndiyo inayowagawia umeme wengine wote, ikiwa mbovu inawaua, kwa hiyo hapo pia sibani. Kibodi na kipanya elfu themanini. Kasha elfu arobaini. Skrini tutatumia televisheni yetu."

"Kasha ndiyo nini?" Shangazi akauliza.

"Bati la kufunikia tu."

"Yaani kitu pekee watakachokiona wageni ndicho umekipa elfu arobaini?" Shangazi akamgeukia Baba. "Mdogo wangu, huyu mtoto mmemlea nyinyi au ameokotwa?"

Baba alikuwa na miaka sitini na mbili, na bado dada yake akimwita mdogo wangu alikaa sawasawa kwenye kiti. "Dada ana haki," akasema. "Mwenye pesa achague chake."

"Kama ni hivyo na mimi nachagua," Kaka akarukia. "Laki yangu mtu asinichagulie."

"Baba, hivi vitu vinategemeana! Ni kama kununua kiatu, kila mtu akaja na..."

"Nimesema mwenye pesa achague."

Mama alikuwa akikuna viganja muda wote. Alifungua fundo la kanga, akatoa laki yake, noti ndogondogo zilizokunjwa nne nne. "Mimi sijui hata kimoja hapo. Kanunue wewe, mwanangu. Uniandikie tu nimenunua nini, nisije nikaulizwa nikakosa la kusema."

"Wewe wifi na wewe," alisema Shangazi. "Ndiyo maana hata jiko lako halina mfuniko."

*

Jumatano Shangazi alikwenda kununua bati la kufunikia. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiuza mapazia ya mitumba, aliyewahi kubishania bei ya sindano moja mpaka muuzaji akampa bure aondoke. Siku hiyo hakubisha. Alionyeshwa kasha lenye ubavu wa kioo, na ndani yake feni tatu zenye taa za rangi saba zinazokimbizana. Akauliza bei, akaambiwa laki mbili, akahesabu laki mbili.

"Limulike sebule," alisema alipolitua mezani. "Hata mkiwa na njaa, mtaona njaa yenu vizuri."

Kidole alilitazama kama mtu anayetazama jino lake likiwa mkononi mwa mwingine. Laki na elfu sitini zilikuwa zimegeuka taa. Alikaa na karatasi akapiga hesabu upya. Kibodi na kipanya akavifuta, ataazima kwa mwenzake wa dukani. Kadi hakuigusa, prosesa hakuigusa, ram, ambayo ndiyo laki ya Mama, hakuigusa. Diski Kaka alikuwa ameshainunua. Kaka alibakiwa na elfu ishirini alizozirudisha kwenye hesabu kwa shingo upande, na akataka ashukuriwe mara mbili. Zilizobaki kwa pawa saplai zikawa elfu sabini, na zote zilikuwa mfukoni mwa Baba.

"Baba, nakuomba usinunue kitu. Kwa elfu sabini haipatikani pawa saplai, linapatikana balaa. Nitamwomba bosi mshahara nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Nisubiri mpaka Ijumaa."

"Nasubiri," alisema Baba.

Bosi alimsikiliza Kidole akiwa anapima misumari. "Binti, hapa tunauza. Benki iko ng'ambo ya barabara," akasema, wala mizani hakuitazama mara mbili.

Baba naye alisubiri mpaka Alhamisi saa nne asubuhi.

Miaka thelathini na moja alilinda mageti ya watu, na katika miaka hiyo alijifunza njia moja ya kupima chuma: kukinyanyua. Kufuli jepesi linafunguka kwa msumari, kufuli zito linamtoa mwizi jasho. Kwa elimu hiyo aliingia kwenye duka la yule waliyemwita Daktari, kwa sababu aliuza vipuri vya kompyuta akiwa amevaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni.

"Mzee wangu, shikamoo! Mgonjwa wetu nani leo?"

"Nataka pawa saplai. Nzuri. Nina elfu sabini."

Daktari hakucheka, na hapo ndipo mtu mwingine angeogopa. Alishusha moja kutoka rafu ya juu, akampa. Baba akaipakata. Kiganja kikashuka. Akainyanyua nyingine ya rafuni, ya laki na nusu, kwa mkono wa pili, akazilinganisha, akaona hii ya elfu sabini ndiyo nzito zaidi.

"Mzee, wewe si wa kudanganywa," Daktari alisema kwa huzuni. "Nilikuwa nimemfichia mteja wangu. Haya, chukua, nitamwambia imeibiwa."

Baba alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mke wake hakuwa amemsikia akipiga mluzi tangu yeye na walinzi wenzake kumi na mmoja wastaafishwe kwa barua moja.

*

Jioni Kidole alikuta sherehe. Baba amekaa na ile pawa saplai mapajani, Shangazi amekuja kuwasha taa za kasha lake kwa chaja ya simu, Kaka anakula.

"Umenunua," alisema Kidole.

"Elfu sabini!" Baba akamnyooshea. "Wewe ulisema haipatikani. Shika uone uzito. Hiki ni chuma."

Kidole aliishika. Akaitikisa mara moja sikioni. Ndani kitu kikagonga, ngo, ngo.

"Baba, hii haitakiwi kugonga."

"Ni chuma kinagonga chuma."

"Nipe bisibisi."

"Usifungue!" Baba akasimama. "Kuna karatasi hapo kwenye skrubu. Imeandikwa ukiichana hairudishwi. Unasoma wewe au unatazama tu?"

"Nikiichomeka hivihivi itaua kadi ya laki nne. Nipe bisibisi, Baba."

"Nyumba hii kila mtu anajua kuliko mimi! Nimenunua kitu kimoja tu, kimoja, na hicho pia kina kasoro!"

"Mpe afungue," alisema Shangazi, akitafuna. "Kama ni chuma kitabaki chuma."

Baba hakumpa. Ni Kaka aliyenyanyuka, mdomo umejaa, akachomoa bisibisi kwenye mfuko wa suruali ya kazi, akachana ile karatasi kabla baba yake hajamfikia. Mfuniko ukatoka. Ndani kulikuwa na vijiwaya vinne vyembamba, na pembeni, limegandishwa kwa gundi iliyoachia, bonge la kijivu kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia.

Kaka alilichukua lile bonge, akalikwangua kwa ukucha, likamwagika unga. Alilinusa.

"Saruji," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeudhika kikazi, "Na mchanga ni mwingi mno. Huyu hata saruji ya kumwibia mtu ameiiba."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mlinzi! Miaka thelathini kwenye geti, umekwenda umenunua tofali! Ungeniambia, mdogo wangu, si ningekuokotea bure pale kwa jirani anayejenga?"

Baba aliketi. Aliipokea ile saruji mkononi mwa mwanawe, akaipima tena kwa kiganja, kama bado kuna hesabu ambayo haijaisha. Mama akaenda kuzima taa za kasha. Shangazi akaziwasha.

*

Ijumaa Kidole aliomba ruhusa ya saa moja akakatwa mshahara wa nusu siku. Walikwenda kwa Daktari yeye na Baba.

"Karatasi imechanwa," alisema Daktari, hata hakuishika.

"Ndani kuna saruji," alisema Kidole.

"Mimi niliuza ikiwa imefungwa. Mlichokitia nyumbani kwenu mimi nitajuaje?" Wateja watatu walikuwa wamegeuka. Daktari akainua sauti kwa ajili yao. "Mzee, samahani nikuulize. Si wewe uliyekuwa unalinda lile ghala lililovunjwa mwaka juzi? Na lile pia ulikabidhiwa likiwa zima?"

Mteja mmoja alicheka puani. Kidole alifungua mdomo, lakini Baba alimshika mkono juu ya kiwiko, akamtoa nje. Ghala lilivunjwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa ameshalisema hilo mbele ya bosi wake, mbele ya polisi na mbele ya mkewe, na kila aliposema lilizidi kufanana na uongo. Akaamua asiliseme hapo mara ya nne.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha mwanamke mnene aliyezungukwa na nyaya. Mtaa mzima walimwita Mama Waya. Yeye alikuwa ameona yote.

"Amewapiga na ile ya saruji?" aliuliza. "Nyinyi ni wa tano mwezi huu. Mimi ninayo iliyotumika, nzima, naichomeka hapa hapa mbele yenu. Laki na ishirini."

"Hatuna," alisema Kidole.

"Mna nini?"

Baba ndiye aliyejibu. "Tuna kasha. Lina kioo. Lina taa za rangi saba."

"Baba!"

"Nyamaza."

"Ya taa yanauzika kama maandazi," alisema Mama Waya. "Hawa vijana hawajui kadi ni nini ila taa wanazijua. Lete. Nakupa pawa saplai, na juu yake elfu thelathini."

"Baba, ni la Shangazi. Atatuua."

"Atatuua Jumapili," alisema Baba. "Jaribio lako ni Jumamosi."

Alikwenda mwenyewe, akalifunga kasha kwa shuka, akalibeba begani kwa njia ya nyuma ya nyumba, akitazama huku na huku. Miaka yote ile geti liliona watu wakitembea namna hiyo, na yeye aliwakamata wote. Zile elfu thelathini alizikunja akazitia kwenye bahasha, juu yake akaandika "Dada", halafu akakosa ujasiri wa kuipeleka.

*

Jumamosi saa tisa na nusu kompyuta ilikuwa imelazwa juu ya ubao wa kupigia pasi, uchi, matumbo yote nje. Madabodi ilikaa juu ya gazeti lililokunjwa. Kadi ya laki nne ilisimama imeegemezwa kwa kikombe cha bati. Pawa saplai ya Mama Waya ilikuwa sakafuni, feni inazunguka taratibu. Kwa kuwa kasha halikuwepo, hata kitufe cha kuwashia hakikuwepo. Kidole aligusisha vijipini viwili kwa ncha ya bisibisi, Mama akafumba macho, na mashine ikaamka.

"Inakwenda?" aliuliza Mama.

"Inakwenda, Mama."

"Ram ndiyo ipi?"

Kidole akamwonyesha. Mama aliitazama sana, hakuigusa.

Saa kumi kamili alivaa vipokea sauti vya masikioni, vya kuazima, vyenye kijiti cha kusemea mbele ya mdomo. Nahodha wa timu akamsalimu. Jaribio lilikuwa dakika arobaini, watano kwa watano. Ukikosea kuwaambia wenzako adui yuko wapi, umekwisha.

Dakika ya sita mlango uligongwa mara moja ukafunguliwa.

"Shikamoo, wifi," alisema Mama, akasimama katikati ya chumba na mikono ameipanua kidogo.

"Shikamoo yako kaa nayo. Kasha langu liko wapi?"

"Dada, kaa kwanza," alisema Baba.

"Nakaa wapi? Nimepita kwenye kibanda cha yule mwanamke wa nyaya, nimeona taa zangu! Rangi saba, zinanikonyeza! Zina bei juu, laki mbili na nusu! Mdogo wangu, umeniibia?"

"Kushoto, wawili," alisema Kidole kwenye kijiti, sauti imetulia. "Mmoja juu ya ngazi."

"Nimelibadilisha kwa pawa saplai. Bahasha yako ya elfu thelathini hii hapa."

"Elfu thelathini! Laki mbili zangu zimezaa elfu thelathini! Ulishindwa kulinda ghala, ukashindwa kulinda kiinua mgongo, ukanunua tofali, na kitu kimoja cha maana kilichoingia nyumba hii ukakibeba begani kama mwizi wa kuku!"

"Ghala lilikuwa siku yangu ya mapumziko!"

"Maisha yako yote ni siku ya mapumziko!"

"Ngazini ameanguka. Nakuja nyuma yako, usigeuke," alisema Kidole.

"Na wewe unaongea na nani? Hebu ona hiyo kompyuta, kama samaki aliyepasuliwa! Wageni wakija mtasema nini? Mtasema shangazi yao hana hata bati la kuwasitiri?"

"Dada, yule Daktari wa saruji alinitukana mbele za watu. Wewe pia unanitukana. Chagueni nani aanze."

"Mimi nilianza ulipozaliwa!"

Kaka aliingia akitoka kazini, akasikiliza kidogo, akasema kama kasha limeuzwa na diski yake irudishwe, Shangazi akamwita mla vya wengine, Kaka akamwita pazia la mitumba, Mama akamwambia Kaka aombe radhi, Kaka akakataa. Bahasha ya elfu thelathini ilirushwa mara mbili, mara ya pili ikagonga kikombe cha bati. Kadi ya picha ikayumba. Baba aliruka akaishika kwa vidole viwili, akapiga magoti pale pale, akaishikilia isianguke, na Shangazi akaendelea kumtukana akiwa amepiga magoti.

"Mlangoni wa mwisho," alisema Kidole. "Huyo ni wangu."

Skrini ikaandika ushindi kwa herufi kubwa. Kidole akaondoa mikono.

"Ndiyo, nahodha," alisema kwenye kijiti. Kila mtu akamgeukia, mdomo wazi. "Ndiyo... mlisikia? ...Yote? ...Ni shangazi yangu... Hapana, ni mzima, ndivyo alivyo... Baba yangu... Hapana, hakuiba, ni hadithi ndefu... Ndiyo. Ndiyo. Asante."

Akavua vipokea sauti.

"Wamesikia nini?" aliuliza Baba, bado yuko sakafuni na kadi.

"Yote. Ghala, tofali, samaki aliyepasuliwa. Timu nzima imesikia."

Baba akafumba macho.

"Wale wengine wawili," alisema Kidole, "mmoja mbwa wa jirani alibweka akapoteza mchezo, mwingine alishtushwa na mlango. Nahodha anasema mimi nimetukaniwa ukoo dakika thelathini na nne na sikukosea hata mara moja. Kwenye mashindano uwanja unazomea, wanataka mtu aliyezoea. Jumatatu naanza."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama alikaa chini polepole, kitako kikatafuta kiti. Kaka akauliza mshahara unaingia tarehe ngapi. Baba akaiachia kadi, akaona imesimama, akaishika tena.

Shangazi aliokota bahasha yake, akahesabu zile elfu thelathini, akazitia kwenye mkoba, akaubana kwapani.

"Kwa hiyo kazi umeipata kwa mdomo wangu," akasema.

"Shangazi, mimi..."

"Jibu. Ningekaa kimya ungeipata?"

Kidole alimtazama baba yake, ambaye alikuwa akitazama gazeti chini ya madabodi.

"Mazoezi yenu saa ngapi?" Shangazi akauliza.

"Saa kumi mpaka saa mbili. Kila siku."

Shangazi akavua viatu, akavisukuma kwa mguu chini ya kiti cha Baba, akaketi kwenye kiti hicho hicho.

"Jumatatu nitakuja mapema, mtoto asije akazoea ukimya," akasema. "Mdogo wangu, hebu kwanza niambie vizuri. Hiyo siku ya mapumziko ulikuwa wapi?"